Fabisch: Mfumo ulipopata wachezaji

KUTOKA Rangwe hadi Mombasa, jina la Reinhard Fabisch hukumbusha 1987, Harambee Stars ilipotwaa medali ya fedha katika Michezo ya Afrika, Nairobi, baada ya kulazwa 1-0 na Misri fainalini.

Mjerumani huyo alidai nidhamu na pumzi. Nyota wa Gor Mahia na AFC Leopards walikuwa nazo.

Mwaka 1992 aliikuta Zimbabwe ikiwa na Peter Ndlovu mbele na Bruce Grobbelaar langoni. Afrika Kusini ikanyukwa 4-1, ingawa Cameroon iliizuia kufika Kombe la Dunia la 1994.

Aliporejea Kenya mwaka 2001, kizazi cha 1987 kilikuwa kimestaafu. Mafanikio yale hayakurudi.

Fabisch alifariki Julai 2008. Maisha yake yalithibitisha kuwa kidole kimoja hakivunji chawa.