Mchungaji wa Waliong'olewa Kwao

Hapa Sericho, katika kaunti ya Isiolo, sisi Wabaptisti wachache tulioletwa na kazi hukutana darasani kila Jumapili. Hatuna mchungaji. Juzi wenzangu waliniteua niwaongoze, mimi mwalimu wa historia ambaye sijasoma theolojia hata siku moja. Kwetu Wabaptisti hakuna askofu wa kumpima mteule; kusanyiko hujichagulia lenyewe. Katika kusitasita kwangu nilimkumbuka mtu ambaye humtaja kila mwaka mbele ya wanafunzi: William Henry Jones wa Rabai. Yeye alikuwa Mwanglikana, lakini kundi lake lilikuwa la wageni kama letu.

Jones alikuwa Myao. Alitekwa utotoni, akakombolewa na Waingereza na kupelekwa India. Huko Nasik, wamishonari waliwafundisha vijana wa namna yake kazi za mikono pamoja na Maandiko. Mwaka 1864 aliwasili Rabai, karibu na Mombasa, kumsaidia mzee Johannes Rebmann. Alikuwa amerudi Afrika, lakini si kwao.

Baadaye Rabai ilijaa watu waliong'olewa kama yeye: mateka waliokombolewa na watoro waliokimbia mabwana zao. Jones aliwafundisha, akawaongoza katika ibada na kuwatetea wakati waliowamiliki walipodai warudishwe. Tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 wa misheni za pwani, Rabai ikiwamo, walipewa hati za uhuru baada ya mabwana zao kulipwa fidia.

Hata hivyo, kanisa lilichelewa kumwamini. Miaka 21 ilipita tangu awasili Rabai hadi Askofu James Hannington alipompa ushemasi mwaka 1885, pamoja na Ishmael Semler. Mwaka huo huo Jones aliandamana na askofu huyo katika safari ya Uganda. Hannington alimwachia sehemu kubwa ya msafara huko Mumias, akatangulia, akauawa Busoga. Ni Jones aliyewarudisha wapagazi Rabai. Pamoja na hayo, alingoja hadi mwaka 1895 kupewa upadri. Miaka yote kumi hiyo, kwa kuwa shemasi hana ruhusa ya kuadhimisha Meza ya Bwana, kundi lake lilimtegemea padri Mzungu. Jones alifariki mwaka 1904, mwaka mmoja tu baada ya kuanzishwa huko Freretown chuo cha theolojia ambacho mwaka 1930 kilihamia Limuru.

Wanafunzi wangu huona hapo ubaguzi tu, nao hawakosei. Elimu na vyeo viligeuzwa ua wa kuwazuia Waafrika. Lakini tusivunje ua huo kisha tukasema kwamba elimu yenyewe haina maana. Jones aliweza kuwashika watu wasio na ukoo wala shamba kwa sababu alikuwa amefundishwa tangu ujana. Hata hapa Sericho, maalimu wa duksi hakuketi mbele ya watoto kabla ya kuketi miaka mingi mbele ya wazee wake. Kwa nini sisi tudhani kwamba kujua kusoma kunatosha?

Nimewajibu wenzangu kwamba nitakubali, mradi likizo zangu ziwe za masomo, na mmoja wao asome pamoja nami. Na makanisa makubwa ya mijini yatuletee walimu huku. Yasingoje miaka 21.