Tingatinga: Msee Aliyechora Miaka Minne Tu, Jina Likabaki

Ushawahi kuona zile picha za ndovu na chui wa rangi kali zinazouzwa kando ya barabara? Staili hiyo ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania. Akatoka ocha, akafanya kazi kwa mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaingia Dar kusaka mboka. Sanaa hakuisomea popote. 1968 akaanza kuchora na rangi ya baiskeli kwenye vipande vya siling'bodi. Wazungu wa Oyster Bay wakazipenda, doo ikaanza kuingia, naye akawafunza jamaa zake.

Halafu noma. 1972, karao wa Dar walimdhania mhalifu anayetoroka, wakampiga risasi. Akadedi.

Lakini wanafunzi wake hawakuweka brashi chini. 2010, katuni za Tinga Tinga Tales, zilizoundwa hapa hapa Nairobi, zikaipeleka staili yake kwa runinga za ng'ambo.

Sasa wewe, ukimpita msee anayechora mtaani kwenu leo, simama. Cheki kazi yake, uliza jina. Usingoje matanga.