Herbert Chapman: Kocha aliyewafundisha mabeki kulindana

Jumamosi ya Oktoba 3, 1925, Arsenal walisafiri hadi Newcastle wakachapwa 7-0. Ndiyo, saba kwa nunge. Siku mbili baadaye klabu hiyo hiyo ilienda kwa West Ham, ikashinda 4-0.

Katikati ya mechi hizo mbili hakukununuliwa straika wala kipa. Kilichobadilika ni mahali ambapo mchezaji mmoja aliambiwa asimame. Kocha aliyekubali badiliko hilo alikuwa Herbert Chapman, na hadi leo ukiona mabeki wanasogea pamoja kama waliofungwa kamba moja, ujue jamaa huyu alitangulia kuifikiria kazi hiyo.

Kijana wa migodini

Chapman alizaliwa Januari 19, 1878, Kiveton Park, kijiji cha migodi karibu na Sheffield, Uingereza. Babake alichimba makaa ya mawe. Kijana alikuwa na kichwa chepesi darasani, akasomea uhandisi wa migodi huku akicheza soka kando.

Tuseme ukweli, uwanjani hakuwa moto. Mwenye kipaji nyumbani kwao alikuwa ndugu yake Harry, aliyeshinda ligi mara mbili na klabu ya Wednesday ya Sheffield. Herbert yeye alihamahama: Grimsby, Swindon, Sheffield United, Notts County, Northampton, Tottenham. Watu walimkumbuka zaidi kwa viatu vyake vya rangi ya manjano, alivyovaa ili wenzake wamwone haraka wanapotaka kumpa pasi.

Mwaka wa 1907 Northampton walimpa kazi ya kucheza na kufundisha kwa pamoja. Timu ilikuwa imeburuta mkia wa ligi ya kusini misimu miwili mfululizo. Kufikia 1909 walikuwa mabingwa. Chapman alikaa na wachezaji, akawaeleza kila mmoja kazi yake, akawasikiliza pia. Leo hilo ni jambo la kawaida, lakini wakati huo timu nyingi ziliachiwa vipaji vijipange zenyewe.

Hapo Northampton ndipo alipomsajili Walter Tull mwaka wa 1911. Tull, mchezaji mweusi, alikuwa ametukanwa na mashabiki kwa sababu ya rangi yake akichezea Tottenham, na baadaye akashushwa kikosi cha akiba. Chapman alimpa nafasi, naye akacheza zaidi ya mechi 100.

Marufuku iliyokaribia kummaliza

Mwaka wa 1912 alihamia Leeds City. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, alienda kusimamia kiwanda cha silaha. Vita vilipoisha, Leeds City walishtakiwa kwa kuwalipa wachezaji kinyume cha sheria wakati wa vita. Klabu ikakataa kutoa vitabu vyake vya hesabu, na Oktoba 1919 ikafukuzwa kwenye ligi. Wachezaji wakapigwa mnada. Chapman naye akapigwa marufuku ya maisha.

Alikuwa na umri wa miaka 41. Akaenda kufanya kazi kiwandani, na hata hiyo baadaye akaipoteza. Kama mambo yangeishia hapo, leo hakuna ambaye angemjua.

Walioenda kumchukua ni Huddersfield Town. Walimsaidia kukata rufaa kwa hoja kwamba malipo hayo yalipofanyika yeye alikuwa kiwandani, si klabuni. Marufuku ikaondolewa, na mwaka wa 1921 akarudi kazini.

Huddersfield ilikuwa klabu ya mji mdogo, bila mastaa wengi. Chapman alianzia nyuma. Alitaka kikosi cha kwanza, cha akiba na cha tatu vicheze mtindo mmoja, ili beki akiumia anayeingia asiulize asimame wapi. Walishinda Kombe la FA 1922, kisha ligi 1924, wakiwapiku Cardiff City kwa wastani wa mabao tu baada ya kulingana kwa pointi. Msimu uliofuata walitetea taji kwa kufungwa mabao 28 pekee katika mechi 42, na hakuna mechi hata moja waliyofungwa zaidi ya mawili.

Sheria mpya, shida mpya

Kiangazi cha 1925 akachukuliwa na Arsenal, waliokuwa wamemaliza nafasi ya 20. Wakati huohuo sheria ya kuotea ikabadilishwa. Awali, mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Beki mmoja angeweza kupanda kumtegea, mwingine akabaki nyuma kama bima. Sasa wapinzani wawili walitosha. Ukitega ukakosea, straika anabaki na kipa peke yake. Msimu huo mabao yalimiminika kila uwanja.

Timu zilicheza na mabeki wawili tu, na mchezaji wa katikati alikuwa huru kupanda na kushuka. Chapman alikuwa amemsajili Charlie Buchan kutoka Sunderland, straika mkongwe wa miaka 33. Ni Buchan aliyesisitiza kwamba mchezaji huyo wa kati arudi nyuma akasimame katikati ya mabeki. Baada ya aibu ya Newcastle, Chapman alikubali. Arsenal haikuwa timu ya kwanza kulijaribu wazo hilo, lakini Chapman aliligeuza kuwa mfumo kamili.

Mfumo wenyewe ulikuwa hivi. Beki wa kati anamlinda straika na hatoki hapo. Mabeki wa pembeni wanapanuka kuwakaba mawinga. Viungo wawili wanakaa mbele yao. Mpira ukiwa upande wa kulia, beki wa kushoto anamwacha winga wake na kuingia ndani kumfunika mwenzake wa kati. Ukienda kushoto, wa kulia anafanya vivyo hivyo. Wote watatu wanazunguka kama mlango kwenye bawaba. Mmoja akilala, mlango unabaki wazi.

Kisha kiungo mmoja wa mbele naye anashuka kuchukua mpira kwa mabeki na kuanzisha mashambulizi ya haraka. Ukichora kikosi kwenye karatasi, safu ya mbele inafanya herufi W na ya nyuma M. Ndiyo maana mfumo ukaitwa WM.

Mabeki wasiojulikana

Angalia watu aliowatumia. Herbie Roberts alinunuliwa kutoka klabu ndogo ya Oswestry Town kwa pauni 200. Akawa beki wa kati asiyevuka nusu ya uwanja ila kwa nadra. Hakuwa na madoido, na waandishi walimwona mchoshi. Timu ya taifa ilimwita mara moja tu.

Eddie Hapgood aliwahi kusambaza maziwa kwa gari la farasi. Alifika kutoka Kettering Town akiwa mwembamba hivi kwamba kupiga mpira mzito kwa kichwa kulimwacha kizunguzungu. Ikabidi alishwe nyama apate nguvu. Aliishia kuwa nahodha wa Uingereza. George Male naye alikuwa kiungo hadi 1932, Chapman alipomwita ofisini. Male mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alitoka humo akiamini yeye ndiye beki bora wa kulia nchini.

Matokeo hayakuja upesi. Walipoteza fainali ya Kombe la FA 1927 mbele ya Cardiff. Lakini 1930 walilibeba kombe hilo kwa kuifunga Huddersfield 2-0, kisha wakashinda ligi 1931 na 1933.

Mfumo ulikuwa na bei yake. Januari 1933 Arsenal, wakiwa bila Hapgood na wengine waliokuwa wagonjwa au majeruhi, walitolewa Kombe la FA kwa 2-0 na Walsall, timu ya daraja la tatu. Beki chipukizi Tommy Black, aliyejaza pengo la Hapgood, alisababisha penalti kwa kucheza rafu ya hasira. Ndani ya wiki moja Chapman alimuuza kwa Plymouth Argyle. Kwake, kukosea pasi kulisameheka. Kuvunja nidhamu ya safu hakukusameheka. Ukiwa kijana uliyepewa nafasi mara moja, hapo utamwona Chapman kuwa mkali kupita kiasi, na huenda una haki.

Alichoacha

Nje ya uwanja mawazo yake hayakuisha. Alijaribu nambari kwenye jezi 1928, akaweka taa Highbury miaka mingi kabla ya FA kuruhusu mechi rasmi za usiku, akashawishi stesheni ya treni ya Gillespie Road ipewe jina la Arsenal. Ile jezi nyekundu yenye mikono myeupe unayoipata Gikomba ilianza kwake, mwaka wa 1933.

Mwanzoni mwa Januari 1934 alishikwa na homa, lakini hakutulia nyumbani. Alienda kutazama vijana wa kikosi cha tatu wakicheza kwenye baridi. Homa ikageuka nimonia. Alifariki Januari 6, akiwa na miaka 55. Siku hiyohiyo Arsenal walicheza Highbury na Sheffield Wednesday, wakatoka 1-1.

Kocha hayupo, timu ingeporomoka. Haikuporomoka. Roberts, Hapgood na Male waliendelea kufunikana vilevile, na Arsenal wakashinda ligi 1934 na tena 1935.

Basi wikendi hii timu yako ikimaliza bila kufungwa, usimtazame tu beki aliyeokoa bao. Mtazame yule wa upande wa pili, mbali na mpira, aliyeingia ndani hatua tano bila kamera kumwona. Hatua hizo tano ndizo Chapman alizotumia maisha yake kufundisha.