Philly Lutaaya: Mwimbaji Aliyekataa Kuficha

Wahenga walituachia usemi kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Mwaka huu mlezi wa chama chetu alimtaka kila mmoja wetu aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wengi walikimbilia wafalme na marais. Mimi nimemchagua mwanamuziki kutoka kwa majirani zetu wa Uganda, na mwisho wa makala utaelewa ni kwa nini.

Philly Bongoley Lutaaya alizaliwa mwaka wa 1951 huko Gomba, Uganda. Alianza muziki akiwa kijana mdogo, shule akaiacha, akazunguka na muziki wake hadi Kongo na hapa kwetu Kenya. Katika miaka ya 1980 alihamia Stockholm, Uswidi. Huko ndiko alikorekodi albamu ya Born in Africa, ambayo ilipendwa mno kwao. Vita vilikuwa vimewachosha Waganda, na muziki wake ukawapa sababu ya kucheza tena. Nyimbo zake za Krismasi husikika Kampala hadi leo kila Desemba ifikapo.

Basi mwaka wa 1989, jina lake likiwa juu, alirudi nyumbani akatangaza hadharani kwamba ana Ukimwi. Alikuwa Mganda maarufu wa kwanza kufanya hivyo. Kumbuka kuwa wakati huo hapakuwa na dawa za kumfaa. Mchanganyiko wa dawa za kupunguza makali ulianza kutumika mwaka wa 1996. Kwa hivyo Lutaaya alijua vizuri kwamba hatapona.

Je, alipokelewaje? Jamani, wengi hawakumsadiki! Walisema ni mwongo, eti anatafuta pesa na anataka kanda zake zinunuliwe. Hebu fikiria: mtu anakufa, nawe unamwambia anaigiza. Lakini hakukasirika akarudi Ulaya. Alipita shuleni na makanisani akiwaeleza vijana jinsi virusi vinavyoambukizwa, na akatunga wimbo kuhusu upweke wa mgonjwa. Watu walimwona akikonda mbele ya macho yao, na hapo ndipo ubishi ulipoanza kupungua. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na umri wa miaka 38 tu. Mwaka uliofuata, filamu kuhusu safari yake ya mwisho ilionyeshwa katika televisheni ya Marekani.

Huenda ukauliza mambo haya yanahusianaje na siasa. Yanahusiana sana. Serikali ya Uganda ilikiri mwaka wa 1986 mbele ya mataifa kwamba ugonjwa upo. Mwaka wa 1987 chama cha TASO kikaundwa kuwasaidia wagonjwa. Kwa hivyo Lutaaya aliposema, palikuwa na masikio ya kusikia. Kwetu Kenya, mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka wa 1984, lakini Rais Moi aliutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999. Hesabu mwenyewe: miaka kumi na mitano! Katikati ya kimya hicho, mwaka wa 1990, tuliambiwa kwa shangwe kuwa dawa ya Kemron imepatikana. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba haikuwa tiba. Huko Afrika Kusini, Rais Mbeki alitilia shaka sayansi ya Ukimwi na serikali yake ikachelewesha dawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka wa 2008 kwamba zaidi ya watu 330,000 walipoteza maisha kwa sababu ya kuchelewa huko.

Sisi watu wa Eastlands tusidhani habari hizi ni za mbali. Tangu mwaka wa 1985, wanawake wa Majengo, Pumwani, ambao wapita njia waliwadharau kwa kazi yao, wamekuwa wakitoa damu yao ichunguzwe na wanasayansi. Baadhi yao hawakuambukizwa licha ya kukutana na virusi mara nyingi. Ajabu hiyo ilichangia majaribio ya chanjo yaliyoanza Nairobi mwaka wa 2001. Chanjo yenyewe bado haijapatikana, lakini elimu iliyotoka Majengo imesomwa duniani kote.

Na maneno aliyoambiwa Lutaaya hayajafa. Mitaani bado utasikia kwamba ugonjwa ni njama ya Wazungu, kwamba sindano ni ya kutufanya tasa. Mwaka wa 2015 maaskofu wa Katoliki waliwataka waumini wasusie kampeni ya chanjo ya polio mpaka chanjo hiyo ipimwe. Kuuliza swali si kosa. Sayansi yenyewe ni maswali. Kosa ni kuuliza kisha kuziba masikio jibu linapokuja, huku mtoto wa jirani akingoja.

Ndiyo sababu nimemchagua Lutaaya. Hakuwa daktari wala waziri, ila alichokuwa nacho, yaani sauti yake, alikitumia kusema kweli. Wewe nami hatuna jukwaa kama lake, lakini tuna darasa. Ukimwona mwenzako akimeza tembe kila siku kwa saa ile ile, usimnong'one wala usimwite mwenye mdudu. Mpe maji, anywe, kisha mwendelee na masomo.