Charles Chaplin: Mtunzi Nyuma ya Nomino "Chale"

Katika Kiswahili kuna maneno mawili yenye umbo chale. La kwanza hurejelea alama za kuchanjwa mwilini. La pili humtaja mchekeshaji, na asili yake huelezwa kuwa ni Charlie, jina la mkato la Charles Chaplin. Makala haya mafupi yanayasimulia maisha ya msanii huyo kwa nia ya kuonyesha kwamba lugha yetu imehifadhi nusu tu ya kazi yake: imemtunza mwigizaji, ikamwacha mtunzi.

Chaplin alizaliwa London tarehe 16 Aprili 1889, mtoto wa waimbaji wa kumbi za burudani. Baba hakuitunza familia, na mama alishikwa na ugonjwa wa akili. Akiwa na umri wa miaka 7, mtoto huyo alipelekwa Lambeth, katika nyumba ya kuwalaza na kuwafanyisha kazi mafukara. Mwaka 1908 alijiunga na kundi la vichekesho la Fred Karno, ambalo ziara zake zilimfikisha Marekani mwaka 1910. Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1914. Mwaka huohuo alimbuni mhusika aliyempa umaarufu: mzururaji mwenye kofia ya duara, suruali pana, viatu vikubwa na bakora.

Mhusika huyo hakutegemea maneno. Uzito wa jambo hili hudhihirika tukilinganisha na filamu za elimu zilizotengenezwa Vugiri, katika milima iliyo juu ya Korogwe, si mbali na njia panda ya Segera, kati ya mwaka 1935 na 1937. Mradi huo, ulioongozwa na Notcutt na Latham, ulitoa filamu 35, nazo zilihitaji maelezo kwa lugha kadhaa za Kiafrika. Kichekesho cha Chaplin kilieleweka kwa mwendo na uso. Kwa hiyo kilivuka mipaka ya lugha kwa urahisi.

Hata hivyo, ukimya huo ulikuwa wa kutungwa. Chaplin aliandika, aliongoza na kuhariri filamu zake, na baadaye akazitungia muziki. Mwaka 1919 alishiriki kuanzisha kampuni ya United Artists, ili wasanii wasambaze kazi zao wenyewe. Katika The Kid (1921) aligeuza ufukara wa utotoni kuwa kicheko chenye majonzi. City Lights (1931) haikuwa na mazungumzo, ijapokuwa filamu za sauti zilikwisha kuenea. Aidha, katika The Great Dictator (1940) alimkejeli Hitler waziwazi. Mwaka 1952, akituhumiwa kuegemea ukomunisti, alifutiwa kibali cha kurejea Marekani. Alihamia Uswisi, alikofariki tarehe 25 Desemba 1977.

Basi, nomino chale, ambayo pengine hutamkwa kwa dharau, imetokana na msanii aliyepanga kila hatua ya kazi yake. Vichekesho vya Kiswahili navyo mara nyingi hubuniwa jukwaani bila mswada. Mtafiti anayemhesabu mchekeshaji kuwa mwigizaji tu humnyima nafasi yake katika historia ya utunzi.