Luiz Gama, Aliyeiamsha Sheria Iliyolala

Husemwa kwamba utumwa ulikomeshwa kwa sheria. Neno hilo ni kweli, lakini si kweli yote, kwani sheria ni maandishi, na maandishi hayatembei yenyewe. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari za Luiz Gama wa Brazil, nchi iliyoupunguza utumwa kidogo kidogo kwa miaka 57.

Gama alizaliwa Salvador mwaka 1830. Mama yake, Luiza Mahin, alikuwa Mwafrika muungwana. Baba yake Mzungu alimwuza utumwani mwaka 1840, mtoto akiwa na miaka 10 tu. Akapelekwa São Paulo kuwa mtumishi wa nyumbani. Alipotimiza miaka 17, mwanafunzi mmoja aliyepanga katika nyumba ile alimfundisha kusoma. Mwaka uliofuata alipata ushahidi kwamba alizaliwa huru, akatoroka.

Hakuwa na shahada ya sheria, alijisomea mwenyewe. Katika kusoma aliikuta sheria ya tarehe 7 Novemba 1831, iliyotamka kuwa kila mtumwa aingizwaye Brazil kutoka nje ni huru. Wenye mashamba waliiacha ilale, wakaendelea kununua watu. Gama aliichukua sheria hiyo hiyo, akasimama nayo mahakamani. Kwa hesabu yake mwenyewe, aliwakomboa watu zaidi ya 500.

Wakati huo wakubwa walikuwa wakiutoa uhuru kwa kibaba. Sheria ya 1871 iliwapa uhuru watoto watakaozaliwa na watumwa, lakini bwana aliweza kuwatumikisha hadi miaka 21. Sheria ya 1885 iliwapa uhuru wazee wa miaka 60, lakini iliwadai miaka mitatu zaidi ya kazi. Utumwa ulikoma tarehe 13 Mei 1888, na waliofunguliwa hawakupewa hata kipande cha ardhi.

Gama hakuiona siku hiyo. Alifariki tarehe 24 Agosti 1882, akazikwa na maelfu ya watu. Mwaka 2015 ndipo chama cha mawakili wa Brazil kilipomtambua kuwa wakili.

Ndugu wafanyakazi, funzo tulionalo ni hili. Haba na haba hujaza kibaba, lakini uhuru wa mtu haupimwi kwa kibaba. Na haki iliyokwisha kuandikwa yaweza kulala kabatini miaka mingi, mpaka aje mwenyewe aisome, aijue, na kuidai.