Al-Biruni, mwanafalaki aliyeipima dunia kwa mwezi

Jioni ya siku ya 29 ya Shaabani, jua likishatua, watu wa Isiolo husimama nje ya misikiti wakatazama magharibi, upande wa nyanda za Laikipia, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kuuona mwezi. Mji huu ulio kilomita kama 280 kaskazini ya Nairobi hauna bahari wala bandari. Waislamu wake ni Waborana, Wasomali na wengineo, na wengi wao ni watu wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Hata hivyo haja yao kwa mwezi ni ile ile ya mtu wa Lamu au Mombasa. Je, ingekuwaje siku moja wangoje wasiuone, si kwa sababu ya mawingu, bali kwa kuwa haupo tena?

Swali hili laonekana la kitoto. Lakini palikuwa na mtu, yapata miaka elfu moja iliyopita, ambaye kazi ya maisha yake yatuonyesha ni mangapi yangepotea. Mtu huyo ni Abu Rayhan al-Biruni.

Alizaliwa mwezi wa Septemba mwaka 973 katika mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, ambayo leo sehemu yake imo Uzbekistan. Ni nchi ya mto na jangwa, mbali sana na bahari kuu. Alibahatika kupata mwalimu mwema, Abu Nasr Mansur, mwana wa ukoo wa kifalme aliyependa hesabu kuliko enzi, naye akamfundisha elimu ya falaki tangu ujanani.

Tarehe 24 Mei mwaka 997 mwezi ulipatwa. Al-Biruni, kijana wa miaka 23, alikuwa Kath akiutazama. Huko Baghdad alikuwako mwanafalaki mkubwa Abu al-Wafa al-Buzjani, naye akiutazama mwezi huo huo, kwani walikuwa wamekwisha kupatana. Mwezi unapopatwa, hupatwa kwa wakati mmoja kwa wote wauonao. Basi kila mmoja aliandika saa ya mji wake, na walipolinganisha wakaona tofauti kama ya saa moja. Tofauti hiyo ndiyo iliyowaambia umbali wa miji hiyo miwili kwa upande wa mashariki na magharibi, maana dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Hapakuwa na simu wala saa ya mkononi. Mwezi wenyewe ndio uliokuwa saa yao, ukining'inia mahali ambapo wote wawili waliweza kuuona.

Hesabu hiyo haikuwa mchezo. Baadaye, mwaka 1025, al-Biruni alimaliza kitabu kizima, Tahdid, ambamo alitafuta mahali hasa pa mji wa Ghazna ili ajue Kibla chake. Tuilete hesabu yake kwetu. Lau watu wawili wangetazama kupatwa kwa mwezi, mmoja Makka na mmoja Mombasa, kila mmoja akifuata jua la mji wake, saa zao zingekuwa karibu sawa kabisa. Ndiyo maana Kibla cha Mombasa ni kaskazini hasa. Mtu wa Isiolo angepishana na yule wa Makka kwa dakika 9 hivi, na kwa hiyo Kibla cha Isiolo ni kaskazini lakini chapinda kidogo mashariki. Mwezi ungetoweka, al-Biruni angekosa kipimo hiki.

Mashaka hayakumwacha. Wafalme wa Khwarazm walipigana, naye akakimbia, akahamahama mpaka akafika Jurjan karibu na bahari ya Kaspi. Huko, kwenye mwaka 1000, alimwandikia Amiri Qabus kitabu cha hesabu za siku na miaka za mataifa mbalimbali: Waarabu, Waajemi, Mayahudi, Wakristo na watu wa nchi yake mwenyewe. Ndani yake aliieleza Nairuzi, ambayo nasi wa pwani twaijua. Naona kama angefika Isiolo asingeondoka upesi. Waborana wana miezi 12 ya kufuata mwezi na majina 27 ya siku, na wajuzi wao, waitwao ayyaantu, huulinganisha mwezi na nyota fulani. Al-Biruni, aliyeandika juu ya vituo 27 vya mwezi vya Wahindi na 28 vya Waarabu, angewakalisha ayyaantu hao usiku kucha kwa maswali.

Mwezi ukitoweka, Nairuzi itabaki, kwani yahesabiwa kwa siku 365. Sala tano zitabaki, kwa kuwa zafuata jua. Lakini Ramadhani, Hija, eda ya mjane na mwaka wa zaka, vyote vimefungwa kwenye mwezi. Si bure kwamba sisi Waswahili tuna jina moja tu kwa kile king'aacho mbinguni na zile siku 29 au 30.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, akamchukua al-Biruni pamoja na wanavyuoni wengine. Hakuulizwa kama apenda. Lakini kutoka Ghazna alipata njia ya kufika India, akajifunza Kisanskriti, akaandika juu ya Wahindi bila ya kuwatukana, jambo lililokuwa adimu zama zile. Katika kitabu hicho mna habari ya Somnath, pwani ya Gujarati, nchi ambayo majahazi yake yalizoeleka bandarini kwetu. Alieleza kuwa wenye elimu huko walijua kujaa na kupwa kwa maji kwa kutazama kuchomoza na kutua kwa mwezi, na kukua na kupungua kwake. Mvuvi wa Shela au Vanga ajua vivyo hivyo. Pasipo mwezi, maji yangevutwa na jua peke yake: kujaa na kupwa kungebaki kiasi cha theluthi moja tu ya bamvua la leo, saa zile zile kila siku, pasiwe na bamvua wala maji mafu. Anayeokota pweza mwambani angekuwa na mahali padogo sana pa kukanyaga, na mikoko ya Lamu ingekosa maji ya kuifikia huko ndani.

Yasimuliwa kwamba siku moja mjumbe kutoka kaskazini ya mbali alimwambia Sultani kuwa kwao kuna siku jua halitui. Sultani alighadhibika akidhani ni ukafiri, na al-Biruni ndiye aliyemweleza kuwa yawezekana. Sababu ni kuinama kwa dunia. Yeye mwenyewe alikupima kuinama huko, akapata nyuzi 23 na dakika 35. Hesabu za leo zaonyesha kuwa zama zake alikosea kwa kama dakika moja tu ya nyuzi. Tangu hapo kumepungua kwa dakika 8 hivi, basi. Utulivu huo watokana kwa sehemu kubwa na mvuto wa mwezi. Mwaka 1993 Mfaransa Jacques Laskar na wenzake walihesabu kuwa bila mwezi dunia, kwa mamilioni ya miaka, ingeweza kuyumba hata kulala ubavu. Wengine baadaye wameona kuyumba huko kungekuwa kudogo na kwa polepole zaidi. Hata hivyo mahali kama Isiolo, karibu na Ikweta, ambapo usiku na mchana hulingana na jua la adhuhuri haliendi mbali na utosi, pasingekuwa na dhamana hiyo.

Mahmud alikufa 1030, na al-Biruni akamwandikia mwanawe Mas'ud kitabu chake kikubwa cha falaki. Husimuliwa kuwa alitunzwa mzigo wa ndovu wa fedha, akaurudisha.

Alikufa Ghazna, hali amekwisha pita miaka 70. Siku hiyo, yasemwa, rafiki yake mwanasheria alikwenda kumtazama akamkuta anakata roho. Al-Biruni akamwuliza mas'ala ya mirathi waliyowahi kuyazungumza. Rafiki alisita kwa kumhurumia, naye akamjibu kuwa ni afadhali aiage dunia akiyajua kuliko asiyajue. Akaelezwa. Mgeni hakufika mbali njiani akasikia vilio nyumbani.

Mwezini liko shimo kubwa lililopewa jina lake. Liko nyuma kidogo ya ukingo wa mashariki, upande usioelekea duniani.